Kiumbe Kinatetemeka, Ngozi Inanata, Macho Yamekufa: Kuutafuta Ugonjwa wa Animatroniki

Kiumbe cha animatroniki, yaani kikaragosi cha filamu kinachosogezwa kwa mota na kebo, kikigoma mbele ya kamera, mafundi hukimbilia pale kasoro inapoonekana. Mdomo unatetemeka, basi mdomo unafunguliwa. Shingo imekuwa nzito, basi mota ya shingo inabadilishwa. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, mpaka nikakubali kwamba katika fani hii dalili huwa huku na ugonjwa ukawa kule. Mdomo unatetemeka kwa sababu waya wa umeme unaopita kiunoni ni mwembamba mno. Shingo ni nzito kwa sababu ngozi ya kifuani imegundishwa pasipostahili.

Na muda wa kutafuta umekuwa mfupi. Enzi ambazo hapakuwa na njia nyingine, seti nzima ilikaa ikasubiri. Leo mtu mmoja akisema "tutakiweka kwa kompyuta baadaye", kazi ya miezi inarudi sandukuni. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili, ili ukikutwa na tatizo dakika kumi kabla ya kurekodi ujue pa kushika kwanza.

Vipimo vitatu kabla hujafungua nati

Cha kwanza, vua ngozi. Rudia mwendo uleule uliogoma, ngozi ikiwa pembeni. Kama sasa mambo yako sawa, ziache mota zako. Tatizo liko kwenye ngozi au pale inaposhikana na fuvu. Kwa ajili ya kipimo hiki peke yake, kila kichwa ninachojenga kina zipu au sumaku kisogoni, hata mchoraji akilalamika kwamba mshono utaonekana. Ngozi isiyovulika inakunyima kipimo kilicho bora kuliko vyote.

Cha pili, chomoa fimbo inayounganisha mota na kiungo, kisha sogeza kiungo kwa vidole viwili. Ukisikia kinakwama au kina pleyi, yaani kinachezacheza kwa kulegea, ugonjwa uko kwenye vyuma: beringi, bushi, bolti iliyokazwa kupita kiasi. Kikienda laini, rudi kwenye mota na umeme.

Cha tatu, ilishe mota hiyo moja umeme wa pembeni, mbali na mfumo mzima. Ikitulia, mota ni nzima. Umeme wa kiumbe ndio mgonjwa.

Programu naiacha mwisho. Programu iliyofanya kazi jana jioni haijibadilishi usiku, lakini ngozi, nati na betri hubadilika. Nimeona watu wakihariri programu saa mbili nzima huku nati ikilegea mbele ya macho yao.

Mwili unatetemeka

Kama mtetemo umeenea mwili mzima kwa wakati mmoja, anza na umeme. Sevo ya kawaida, ile mota inayokwenda na kusimama pale ishara inapoiambia, hupokea mapigo ya ishara kama 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde 1.5 huiweka katikati, na kati ya 1 na 2 huipeleka upande huu au ule. Badiliko dogo sana la urefu wa pigo linatosha kuisogeza. Sasa kiumbe kikishtuka, shingo, taya, nyusi na masikio vinaondoka pamoja. Kila mota inavuta mkondo mkubwa kwa mkupuo, volti zinashuka, kontrola, kifaa kinachozitumia mota ishara, inazimika kufumba na kufumbua kisha inaanza upya. Kwenye picha kiumbe kinaonekana kama kimeshikwa na baridi.

Pima volti kwenye plagi ya mota iliyo mbali zaidi, kiumbe kikiwa kinacheza. Kupima kwenye betri kiumbe kikiwa kimetulia hakukuambii kitu. Multimita ya kawaida haina kasi ya kudaka mshuko wa muda mfupi, kwa hiyo ukiona hata nusu volti imepungua, jua hali halisi ni mbaya zaidi. Weka waya mnene, weka kapasita kubwa, kifaa kinachoweka akiba ndogo ya umeme, karibu na mota, tenga betri ya kontrola na betri ya mota, lakini nyaya zao za hasi lazima zikutane. Hasi zisipokutana, ishara haina pa kusimamia na mtetemo utazidi. Nyaya za ishara zisilazwe bega kwa bega na nyaya za mkondo mkubwa.

Kama inayotetemeka ni mota moja tu, hasa inaposimama na mzigo mkononi, mara nyingi imezidiwa. Sevo iliyoandikwa kilo 20 kwa sentimita hubeba kilo 20 kwenye mkono wa sentimita 1. Kwenye mkono wa sentimita 4 inabeba kilo 5, na hapo imefika ukingoni mwa nguvu zake, inanguruma na kupata moto. Mimi hupanga kazi ya kawaida isizidi theluthi ya nguvu iliyoandikwa. Fupisha mkono wa sevo, weka springi isaidie kubeba uzito wa kichwa, ndipo ufikirie mota kubwa zaidi.

Halafu kuna mtetemo ambao umeme hauhusiki nao kabisa. Dinosaria T. rex wa Jurassic Park, filamu ya 1993, alijengwa na studio ya Stan Winston kwa ukubwa wake kamili: mwili wa chuma unaosukumwa na hidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayopita kwenye mabomba, juu yake ngozi ya lateksi ya povu. Lateksi ya povu ina vitundu kama sifongo. Tukio lake kubwa likarekodiwa chini ya mvua ya bandia. Ngozi ikanywa maji, uzito ukapanda, na mitambo iliyokuwa imepimwa kwa mnyama mkavu ikaanza kutikisika. Fundi mgeni hapo angeshika spana aende kwenye hidroliki. Tiba ilikuwa kumkausha kila walipopumzika.

Tangu nilipokielewa kisa hicho, kila ngozi inapotoka kwenye kalibu naipima uzito na kuandika namba kwa kalamu upande wa ndani wa shingo. Ikirudi kutoka kwenye tukio la maji naipima tena. Namba mbili zikitofautiana sana, sigusi mota yoyote mpaka ngozi ikauke.

Papa wa filamu ya Jaws (1975) ni wa ukoo huohuo. Walikuwa watatu, wa mitambo ya hewa iliyogandamizwa, na bahari yenye chumvi iliwatesa kwa namna ambayo karakana haikuonyesha. Muongozaji, Steven Spielberg, akalazimika kumwonyesha papa kwa kumficha: pezi, mapipa ya njano yanayokimbia juu ya maji. Filamu ilinufaika, lakini usipange kuokolewa hivyo. Kama kiumbe kitaingia kwenye vumbi, kijaribu kwenye vumbi. Kama kitaingia baharini, maji ya bomba si jaribio.

Silikoni imetoka kwenye kalibu ikinata

Kichwa cha kwanza cha silikoni nilichomwaga kwa fedha ya mtu mwingine nilikifungua alfajiri nikiwa peke yangu karakanani. Paji la uso lilikuwa zuri, vinyweleo vya ngozi vimetoka vyote. Nilipofika kwenye kope za juu, zikabaki vidoleni mwangu kama asali iliyoganda nusu. Nilidhani nimekosea vipimo. Nikachanganya upya kwa mzani wa gramu, nikamwaga tena, nikasubiri usiku mwingine, na alfajiri kope zikanata palepale.

Kunata palepale mara mbili ndiko kulikonifungua macho. Kope zile nilikuwa nimezirekebisha kwa udongo wa kufinyangia wa aina nyingine, wenye salfa, na mabaki yake yalibaki kwenye kalibu. Silikoni inayokomazwa kwa platinamu inazimwa na salfa. Inazimwa pia na glavu za lateksi, na mabaki ya silikoni ya aina ile inayokomazwa kwa bati, na resini ya printa ya 3D ambayo haijakauka sawasawa. Hata glavu zilizogusa tu ukingo wa ndoo zinaweza kuacha alama.

Kwa hiyo soma namna inavyonata. Kama uso wote uliogusana na kalibu unanata, na ukiukwangua ndani kumekomaa, kalibu imechafuka. Kama kuna michirizi au madoa yaliyo majimaji hadi ndani, hukuchanganya vizuri. Kuta na kitako cha ndoo ndiko mchanganyiko unakojificha, na tiba yake ni kuhamishia kwenye ndoo ya pili na kukoroga tena. Kama kila mahali ni laini lakini panaendelea kukaza saa baada ya saa, chumba kilikuwa baridi. Ongeza joto kidogo na subira. Hiyo ya mwisho tu ndiyo inayopona. Nyingine mbili, kwangua, safisha, mwaga upya. Usijaribu kuokoa ngozi iliyozimwa na salfa kwa kupaka poda juu. Itaanza kumenyeka chini ya taa, mwigizaji akiwa ameishika.

Jaribio la tone moja kwenye kona ya kalibu, usiku mmoja kabla, lingeniokolea ndoo mbili za silikoni.

Uso unasogea lakini unaonekana kama barakoa

Vua ngozi kwanza, kama nilivyosema. Ukiona vyuma vya chini vinafanya tabasamu zuri, basi tabasamu linapotelea njiani.

Sababu ninayoikuta zaidi ni gundi kuenea. Fundi anaogopa ngozi itabanduka, anapaka gundi shavu zima. Uso wa kweli haufanyi kazi hivyo. Ngozi yetu inateleza juu ya mfupa na kuvutwa na misuli kutoka sehemu chache. Gundisha kwenye pembe za mdomo, kwenye nyusi, kando ya pua, na uache mashavu yateleze. Kati ya ngozi na fuvu weka kitambaa chembamba kinachovutika, au poda. Usipake mafuta ya silikoni: silikoni inayanywa na kuvimba, na wiki ijayo ngozi haitakaa kwenye fuvu lake.

Sababu ya pili ni unene. Silikoni ya sentimita moja kwenye pembe ya mdomo itaishinda mota yoyote utakayoweza kuificha kwenye shavu. Hapo mimi nataka milimita mbili au tatu, yenye wavu wa kitambaa ndani ili isichanike, na unene uongezeke taratibu kuelekea shavuni. Mikunjo nayo ichongwe kwenye udongo tangu mwanzo, uso ukiwa katikati ya utulivu na hisia. Ukichonga uso uliolegea kabisa, ngozi haitajua ikunjike wapi na itajitafutia mahali pake, kwa kawaida katikati ya shavu ambapo hakuna mnyama anayekunjika.

Macho yamekufa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtazamaji husamehe mguu mzito lakini jicho bovu halisamehi.

Kaa mbele ya kioo, tazama dari, kisha tazama vidole vya miguu yako bila kuinamisha kichwa. Kope ya juu inashuka pamoja na jicho. Haikupepesa; imelifuata. Viumbe vingi vya karakana vina jicho linaloshuka huku kope imebaki juu, na weupe unafunguka juu ya mboni. Mtazamaji hajui kilichokosekana. Anachoona ni kiumbe aliyeshtuka muda wote, au aliyekufa macho wazi. Unganisha kope na mhimili wa jicho wa juu-chini, kwa fimbo ndogo au kwa mchanganyo kwenye kontrola, ili asilimia fulani ya mwendo wa jicho iende kwenye kope bila mchezeshaji kufikiria. Kwangu hilo ndilo rekebisho lenye faida kubwa kuliko yote kwa gharama ndogo.

Kama kope ziko sawa na macho bado yamekufa, angalia yanavyosafiri. Jicho la kweli halitelezi kutoka sehemu moja hadi nyingine. Linaruka, linatua, linaruka tena. Linateleza pale tu linapofuata kitu kinachosogea. Mchezeshaji aliyeshika rimoti kwa upole ndiye anayetengeneza jicho la mwanasesere. Mwambie arushe. Na macho yatangulie, kichwa kifuate, kupepesa kuje katikati ya mgeuko.

Tatizo la tatu: macho mawili yanatazama sambamba, kana kwamba kila kitu kiko upeo wa macho. Mwigizaji akisimama hatua mbili mbele, macho lazima yaelekeane kidogo kumfuata. Ukijenga macho yote mawili kwenye fimbo moja, umejinyima uwezo huo. Bora kila jicho liwe na mota yake ya kulia-kushoto.

Mwisho, unyevu. Kabla ya kila shoti ya karibu paka tone la ute angavu kwenye ukingo wa kope ya chini, na mwombe mtu wa taa akupe nukta moja ya mwanga ndani ya jicho. Bila nukta hiyo, kazi yote ya mota haionekani.

Unavuta kebo, kiumbe kinaitikia nusu

Kebo za mtindo wa breki ya baiskeli bado nazipenda kuliko sevo kwa uso mdogo, maana mkono wa mchezeshaji unahisi uso na uzito unabaki nje ya kiumbe. Lakini kila kona inakula nguvu, na inakula kwa kuzidisha. Kebo ikipinda jumla ya mzunguko mmoja kamili, hata kama msuguano ni mdogo wa 0.1, inayofika upande wa pili ni karibu nusu ya nguvu uliyovuta. Mizunguko miwili, robo. Kabla ya kulaumu springi au kidole cha mchezeshaji, fuata njia ya kebo kwa macho na ujumlishe kona. Mara nyingi mtu amekunja ziada vizuri na kuifunga kwa tepu ili seti ionekane nadhifu. Ifungue, inyooshe. Kama mwendo unapotea hata kebo ikiwa imenyooka, bomba la nje linagandamizwa au halijashikwa imara kwenye ncha zake.

Kiumbe kikubwa kinaonekana kidogo

Hakuna kitu kilichoharibika, na bado muongozaji anasema kinafanana na mdoli. Ugonjwa uko kwenye saa. Vitu vikubwa huyumba polepole: mguu wenye urefu mara nne huchukua muda mara mbili kuyumba, kwa sababu muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu. Mchezeshaji anacheza kwa kasi ya mkono wake mwenyewe, ndipo tembo anageuka panya. Mpunguzie kasi kwenye kontrola ili hata akisukuma kwa nguvu mwendo uanze taratibu na uishie taratibu, kisha mkia, mashavu na masikio yachelewe kidogo nyuma ya mwili.

Kama ni hidroliki na kichwa kinadunda kinaposimama, kuna hewa kwenye mafuta. Itoe. Hewa hugandamizika, mafuta karibu hayagandamiziki. Kwa sababu hiyohiyo, kifua kinachopumua nakipa mfuko wa hewa, kwa kuwa ule ulaini ndio ninaoutaka pale.

Kelele

Sevo zinapiga kelele, na maikrofoni itazinasa. Funga mota kwenye vipande vya mpira, tumia kebo kwa matukio ya kunong'ona, na mjulishe mtu wa sauti mapema ili ajipange kurekodi mazungumzo upya.

Kwa macho ni hai, kwenye kamera ni mpira

Angalia mng'ao kwanza. Silikoni iliyoguswa na mikono hung'aa sawasawa kila mahali, wakati ngozi ya mnyama hung'aa puani, midomoni na pembeni mwa macho, kisha ikafifia kwingine. Poda inafifisha, ute unang'arisha. Chora ramani hiyo kabla ya kila shoti. Rangi nazo ziwe ndani ya silikoni kwa tabaka, si juu tu, maana karibu hakuna rangi inayoshika juu ya silikoni isipokuwa iliyochanganywa na silikoni yenyewe.

Kisha zungumza na mpiga picha. Mwanga wa mbele ulio bapa unaua kiumbe chochote. Mwanga wa pembeni au wa nyuma unapenya kingo za masikio, na hapo silikoni inarudisha ule wekundu wa ndani ambao lateksi ya povu haina.

Wanataka kukifunika kwa CGI (picha za kompyuta)

Inauma, na sitajifanya haiumi. Viumbe ambavyo studio ya ADI iliijengea filamu ya The Thing ya 2011 vilirekodiwa, kisha vingi vikafunikwa na picha za kompyuta. Mwaka 2015 watu hao wa ADI wakatoa Harbinger Down, filamu iliyochangiwa na mashabiki waliotaka kuviona viumbe vya mkono.

Lakini hata hapa dalili na ugonjwa viko mbalimbali. Kiumbe hufunikwa chote mara nyingi kwa sababu hakuna aliyepanga kifunikwe kidogo. Kama kikaragosi kinaweza kutazama, kupumua na kushika mkono wa mwigizaji lakini hakiwezi kukimbia, sema hivyo kwenye kikao cha kwanza, na uwape watu wa kompyuta ule mkimbio. The Mandalorian, tamthilia ya televisheni iliyoanza 2019, ilifanya hivyo na Grogu, kiumbe wake mdogo: kikaragosi cha studio ya Legacy Effects mikononi mwa waigizaji, kompyuta kwa miendo ambayo kikaragosi hakiiwezi. Watengenezaji wake wamesimulia kwamba Werner Herzog, muongozaji wa filamu aliyeigiza humo, aliwaita waoga walipotaka kurekodi tukio bila kikaragosi kama akiba. Nampenda kwa kukitetea hivyo. Hata hivyo naomba akiba hiyo irekodiwe kila mara, kwa sababu ndiyo inayomwezesha mtu wa kompyuta kufuta fimbo moja na kuacha uso wangu ulivyo.

Kwa hiyo kiumbe kikiwa kimetoka mikononi mwako kwenda seti, hakikisha kimepigwa picha pande zote ili kijengwe sawasawa kwenye kompyuta, kabla rangi haijachubuka. Fimbo za wachezeshaji zipakwe rangi isiyopatikana mwilini mwa kiumbe na zisipite mbele ya nywele, maana kufuta fimbo iliyo mbele ya nywele ni kazi ya siku nyingi. Shoti ikiisha, mpiga picha asiguse kamera. Ondoa kiumbe, ondoa wachezeshaji, acha kamera irekodi mahali patupu kwa sekunde kumi, kisha weka tufe la kijivu na tufe la kioo pale kichwa kilipokuwa, ili mwanga ule ule upatikane tena.

Watu watakuwa wamechoka na wanataka kwenda kula. Simama pale na tufe lako mpaka wamalize.